Kuunga kihisi joto LM35 kwenye bodi ya Arduino ili kupima joto la pipa la mvinyo, Dodoma

Mchuzi wa zabibu ukianza kuchachuka hujipasha moto wenyewe. Hamira inakula sukari, inatoa kileo, gesi na joto, na pipa la lita 200 halipoi haraka kama ndoo. Kwa mvinyo mwekundu, nyuzi 25 hadi 30 ni mahali pazuri. Ukipita 32 hamira huanza kutaabika, na ukifika 35 uchachukaji unaweza kusimama huku sukari bado imo, na pipa la namna hiyo huharibika upesi. Kiganja kikiwekwa ubavuni mwa pipa hakiwezi kukutenganishia 29 na 33.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Hombolo, Mpunguzi, Bihawana au popote pale penye zabibu, mwenye kompyuta ya mkononi na mapipa mawili matatu, anayetaka kuona joto la mchuzi kwenye skrini usiku na mchana. Kuunga kihisi chenyewe ni kazi fupi. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba namba unayoisoma ni ya kweli, na ndiyo maana nimeipa sehemu hiyo nafasi kubwa kuliko nyingine.

Vifaa

Unahitaji bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo sana inayopokea programu kwa USB (zile za kunakiliwa zenye chipu ya CH340 zinafaa kabisa, ila kompyuta nyingine zitakudai draiva yake), kihisi LM35DZ (aina mojawapo ya LM35), mita ya fundi, bredibodi (ubao wenye matundu wa kuungia vifaa bila risasi) na nyaya za jampa kwa majaribio, waya wa mtandao wa kompyuta kama mita tatu, rezista ya omu 2,000 na kapasita ya nanofaradi 100. Ukikosa omu 2,000, 2,200 inafaa. Ongeza kipimajoto cha homa cha dijitali kutoka duka la dawa. Matumizi yake utayaona baadaye. Vifaa vya elektroniki ukivikosa mjini, Kariakoo vipo, na kifurushi kinachopanda basi asubuhi unakipokea stendi ya Nanenane jioni.

Kuna kihisi kingine, DS18B20, ambacho ni cha dijitali na huuzwa kikiwa tayari kimefungwa ndani ya kibomba cha chuma. Ukikipata, ni kizuri. Ila ukishaielewa LM35 umeelewa vihisi vingi vya analojia, kwa kuwa njia ni ileile: kihisi kinatoa volti, bodi inaigeuza kuwa namba, na wewe unaigeuza namba kuwa kipimo.

Hakikisha kwanza kwamba ni LM35 kweli

LM35, TMP36, DS18B20 na transista nyingi zinafanana kama mapacha: kipande cheusi chenye miguu mitatu na upande mmoja bapa. Usiamini maandishi ya kwenye mfuko. Piga picha upande bapa kwa simu, kuza picha, usome herufi.

Upande bapa ukiwa unakutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa umeme, wa kati ni wa kutoa kipimo, wa kulia ni wa ardhi. DS18B20 iko kinyume: ardhi kushoto, umeme kulia. Ukivichanganya utakuwa umepeleka umeme kinyume, na kihisi kitachemka ndani ya sekunde chache. Kila unapowasha kwa mara ya kwanza, kiguse kwa kidole. Kikiwa cha moto, chomoa USB papo hapo.

Sasa kipime kabla hata ya kuandika programu. Chukua volti 5 na ardhi kutoka kwenye bodi, vipeleke kwenye miguu ya pembeni, kisha weka mita kati ya mguu wa kati na ardhi. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, kuanzia sifuri. Chumba chenye nyuzi 27 kitakupa volti 0.27. Ukiona kama 0.77 unayo TMP36, ambayo huongeza milivolti 500 juu ya kipimo; bado inatumika, ila kwenye hesabu utatoa 50. Kibane kwa vidole viwili uone volti zikipanda polepole. Kwa dakika hiyo moja unajua kihisi ni kizima, na tatizo lolote litakalojitokeza baadaye utalitafuta kwenye nyaya au kwenye programu.

Nyaya tatu, na jambo moja kuhusu volti 5

Mguu wa kushoto uende kwenye tundu la 5V, wa kulia kwenye GND, wa kati kwenye A0. Kuunga kumekwisha.

Jambo linalowaponza wengi ni hesabu. Uno ina kigeuzi kinachogawa volti katika hatua 1,024. Isipoambiwa vingine, inazigawa volti 5 zote, hivyo kila hatua ni karibu milivolti 4.9, yaani nusu nyuzi. Kwa LM35 huo ni ubadhirifu, maana pipa letu halitavuka nyuzi 40, sawa na volti 0.4, zaidi ya asilimia tisini ya hatua hizo hazitatumika kamwe. Ubaya zaidi ni kwamba volti 5 za USB si 5 kamili. Kompyuta moja itatoa 4.8, nyingine 5.1, na ukichomeka chaja zinabadilika tena. Kipimo chako kitapanda na kushuka wakati mchuzi umetulia.

Dawa imo ndani ya bodi yenyewe. Chipu ya Uno, ATmega328P, ina volti ya rejea ya 1.1, yaani kipimo ambacho kigeuzi hulinganishia volti nyingine, ambayo haifuati mabadiliko ya USB. Ukiitumia hiyo, kila hatua inakuwa karibu milivolti 1.07, sawa na sehemu ya kumi ya nyuzi. Kikomo kinakuwa kama nyuzi 110, ambacho kinatosha na kubaki. Ukishaichagua rejea hii, usiunge chochote kwenye tundu la AREF.

Programu

```
const int TUNDU = A0;
float kipimo = 110.0;

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  analogReference(INTERNAL);
  for (int i = 0; i < 20; i++) {
    analogRead(TUNDU);
    delay(10);
  }
}

void loop() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 50; i++) {
    jumla += analogRead(TUNDU);
    delay(4);
  }
  float wastani = jumla / 50.0;
  float joto = wastani * kipimo / 1024.0;
  Serial.print(millis() / 60000);
  Serial.print(",");
  Serial.println(joto, 1);
  delay(2000);
}
```

Usomaji ule wa mwanzo, mara 20, unatupwa, kwa sababu rejea ikibadilishwa namba za kwanza huwa si za kuaminika. Kisha tunasoma mara 50 na kuchukua wastani. Pengo la milisekunde 4 lina sababu yake: umeme wetu wa gridi ni wa Hz 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na waya mrefu hudaka mngurumo wa umeme huo hewani. Usomaji 50 kwa pengo hilo unafunika mizunguko kama 10 mizima, hivyo kupanda na kushuka kwa mngurumo kunafutana.

Pakia programu kwenye bodi kwa Arduino IDE, ile programu ya kompyuta ya kuandikia bodi hizi, kisha humo humo fungua dirisha la Serial Monitor, hakikisha kasi ni 9600. Utaona mistari ya dakika na joto. Mwenye Arduino Mega aandike INTERNAL1V1 pale palipoandikwa INTERNAL.

Waya mrefu na kibomba cha kuzamisha

Kwenye bredibodi kila kitu ni rahisi. Kihisi kikipelekwa mbali ndipo LM35 inapoonyesha udhaifu wake: haipendi kusukuma waya mrefu. Waya wenye jozi zilizosokotwa una tabia ya kapasita, na hata mita moja yake inazidi kiasi ambacho LM35 inakiweza. Matokeo yake namba zinarukaruka, au zinatulia mahali pasipo pake, na hilo la pili ni baya zaidi kwa sababu halikushtui. Rezista ya omu 2,000 inaliondoa tatizo: iunge kwenye mguu wa kati, kule kwenye kihisi, kabla waya haujaanza. Kapasita ya nanofaradi 100 nayo ikae kulekule kwenye kihisi, kati ya mguu wa umeme na wa ardhi. Ndani ya waya wa mtandao, jozi moja ibebe kipimo na ardhi, jozi nyingine ibebe umeme na ardhi.

Viungo vyote viungwe kwa risasi na kila mguu uvikwe mpira wake, ule unaonywea ukipashwa moto, ili miguu isigusane.

Kuhusu kuzamisha, naomba usikilize kwa makini, kwa sababu mvinyo huo utanywewa na watu. Mchuzi wa zabibu una asidi. Asidi hiyo inakula shaba, na risasi ni sumu. Kihisi kilichozungushiwa gundi na nailoni kisizamishwe hata kwa majaribio. Nenda kwa fundi anayechomelea stenlesi kwa gesi ya argoni, akukatie kibomba chembamba cha sentimita 60 chenye kipenyo cha nje cha milimita 8, akizibe upande mmoja kwa kukichomelea na kuusawazisha. Kihisi kina upana wa karibu milimita 5, kitaingia. Jaza maji kwenye kibomba, kipanguse nje, kisimamishe juu ya karatasi kavu mpaka kesho yake. Karatasi ikilowa, mrudishie fundi.

Kikiwa kikavu, tia kwenye ncha ya ndani ile grisi nyeupe au ya kijivu inayopakwa kwenye prosesa ya kompyuta, sukuma kihisi hadi mwisho, kisha ziba mdomo wa juu kwa silikoni. Mdomo huo daima ubaki juu ya mchuzi.

Kusahihisha kipimo, hapa hapa Dodoma

Ile volti ya rejea ya 1.1 ni tulivu, lakini si 1.1 kamili. Mtengenezaji wa chipu anaruhusu iwe popote kati ya 1.0 na 1.2. Bodi yako inaweza kukudanganya nyuzi mbili au tatu kwenye joto la pipa, na itakudanganya kwa uthabiti, siku zote kwa uwiano uleule. Uthabiti huo ni habari njema, maana kosa lisilobadilika linasahihishwa mara moja tu. Fanya kazi hii kihisi kikiwa kimeshafungwa ndani ya kibomba, na waya wake wote ukiwa umeungwa. Ukikisahihisha kikiwa uchi kwenye bredibodi, kazi utairudia.

Sasa chukua kipimajoto cha homa. Kifaa hiki cha bei ndogo kimetengenezwa ili kisikosee zaidi ya sehemu ya kumi ya nyuzi kwenye joto la mwili, na joto la mwili liko jirani kabisa na joto linaloua hamira. Huhitaji kifaa cha maabara.

Changanya maji ya moto na ya baridi kwenye jagi kubwa mpaka yafike karibu 38. Zamisha kibomba kama sentimita 10, koroga mfululizo, subiri dakika tano ili joto lipenye stenlesi na grisi. Endelea kukoroga, kisha chovya ncha ya kipimajoto cha homa kando ya ncha ya kibomba, ncha tu, maana kifaa chenyewe si lazima kiwe kinahimili maji. Kikilia, andika namba yake na namba iliyo kwenye skrini wakati huohuo. Rudia mara tatu, ukiongeza maji ya moto kidogo kila yanapopoa.

Tuseme kipimajoto kinasema 38.0 na skrini inasema 39.4. Chukua 110, zidisha kwa 38.0, gawa kwa 39.4. Unapata 106.1. Namba hiyo iandike badala ya 110.0 kwenye mstari wa pili wa programu, pakia upya, rudi kwenye jagi uhakikishe.

Usitumie barafu kama kipimo cha sifuri. LM35 iliyoungwa kwa njia hii rahisi inaaminika kuanzia nyuzi 2 kupanda. Chini ya hapo mguu wa kutoa kipimo haushuki sawasawa, na utadhani umekosea wewe.

Maji yanayochemka yanafaa kuwa uthibitisho wa pili, ila kwa namba ya huku kwetu. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakwambia maji yanachemka kwa 100. Hiyo ni pwani. Kila unapopanda kama mita 300, kiwango hicho hushuka karibu nyuzi moja, na Dodoma mjini iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwa nyuzi 96 na pointi chache. Singida, iliyo karibu mita 1,500, ni kama 95. Mtu wa Dodoma akikisahihisha kihisi chake kwa kudhani sufuria lake lina 100, pipa la nyuzi 31 litamwonyesha zaidi ya 32, naye ataanza kulipoza bila sababu.

Kwa hiyo chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, zamisha kibomba bila kugusa kitako cha sufuria, mdomo wenye silikoni ukiwa mbali na moto, usubiri. Ukiona kati ya 95 na 97 baada ya kusahihisha kwa kipimajoto cha homa, una kifaa cha kuaminika. Ikiwa tofauti ni kubwa kuliko hapo, mara nyingi ncha ya kihisi haijafika mwisho wa kibomba au grisi haikutosha. Ukikuta namba zinayumba, rudi kwenye rezista.

Kwenye pipa

Mchuzi mwekundu huchachuka pamoja na maganda. Gesi huyapandisha juu yakafanya tabaka nene, na ndani ya tabaka hilo joto huzidi la mchuzi ulio chini yake, pengine kwa nyuzi kadhaa. Ukipima kitakoni mwa pipa utajiona salama huku hamira ya juu inaungua. Mimi huweka ncha chini kidogo tu ya maganda, kisha kila wakati wa kuyasukuma chini naichomeka kwanza katikati yake kwa dakika tano kusoma. Tofauti kati ya namba hizo mbili inakwambia kama unasukuma mara za kutosha kwa siku. Funga kibomba kwenye ubao unaolala juu ya mdomo wa pipa, kisitegemee waya. Kioshe na kukitakasa kila kinapotoka pipa moja kwenda jingine.

Sasa badili ile delay ya 2000 iwe 60000, upate msomo mmoja kwa dakika. Ili kuhifadhi kwenye faili, funga Serial Monitor, kwa kuwa programu mbili haziwezi kushika bodi moja, kisha fungua PuTTY, programu ya kompyuta inayosoma na kuhifadhi yanayotoka kwenye bodi, chagua Serial, andika jina la COM (tundu ambalo kompyuta imeipa bodi yako) na kasi ya 9600, na kwenye Logging chagua All session output. Faili hilo linafunguka kwenye Excel, dakika upande mmoja na joto upande mwingine. Kila PuTTY inapofunguliwa Uno hujiwasha upya na dakika huanzia sifuri, hivyo andika saa ya kuanzia kwenye daftari. Zima pia ile tabia ya kompyuta kulala, maana ikilala USB inalala nayo. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta inailisha bodi. LM35 yenyewe hailambi hata sehemu ya kumi ya miliampia.

Kompyuta ni vizuri ikae chumba cha pili. Mapipa yanayochachuka hutoa kabonidioksaidi, nayo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini kwenye chumba kilichofungwa. Fungua mlango na dirisha, subiri, ndipo uingie, na usiwaache watoto wacheze humo.

Namba ikifika 29 na bado inapanda, usingoje 32. Vika pipa magunia yaliyolowa na uyaloweshe tena kila yanapoanza kukauka. Upepo mkavu wa Agosti na Septemba hufanya kazi hii vizuri kuliko mahali penye unyevu, kwa sababu maji yanavyokauka haraka ndivyo yanavyobeba joto kwa wingi. Usipotosheka, zamisha chupa za maji yaliyogandishwa, zimefungwa vizuri na kuoshwa nje. Barafu yenyewe usitie, itapunguza nguvu ya mvinyo. Tazama mstari kwenye Excel: ukiona umelala au umeanza kushuka ndani ya saa mbili tatu, toa chupa moja moja. Kupoza kupita kiasi nako hulaza hamira.

Baada ya siku kadhaa joto litashuka lenyewe hadi kulingana na la chumba. Kama lilishuka polepole bila kuvuka 32, sukari inakaribia kuisha. Kama lilipanda hadi 34 au 35 kisha likaporomoka ghafla, uchachukaji huenda umekwama. Grafu haiwezi kukutofautishia hali hizo mbili kwa uhakika. Pima sukari kwa haidromita, au walau onja, kabla hujayakamua maganda.